Mto wa Manyoya ya Mbwa

Asubuhi niliyotoka kambi ya mkonge karibu na Mombo sikuwa na safari. Niliamka, nikatazama watu wakijipanga kwenda kukata, nikautazama mlima uliosimama nyuma yao, nikaona mkonge nimeshaujua na mlima siujui. Tangu nilipoacha shule darasa la tatu nimekuwa hivyo. Kitu nikishakijua kinanichosha. Nikafunga blanketi na sufuria, nikashika barabara ya Lushoto. Malori yaliyokuwa yameshusha mboga stesheni yalipanda matupu, yakanipita moja baada ya jingine, na hakuna lililosimama.

Nilifika alasiri nikitetemeka. Shati langu lilikuwa jepesi, na watu wa sokoni walijua natoka wapi kabla sijafungua mdomo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza viazi aliwaambia wenzake kwa Kishambaa kwamba nyika imetapika tena. Mimi ni Mzigua wa Handeni, na lugha zetu haziko mbali kiasi hicho. Nilimsalimu kwa lugha yake, onga mshi, ili ajue nimemsikia. Hakuitikia.

Siku ya tatu nilipata kazi katika nyumba ya Mzungu mmoja, juu ya mji, penye mikaratusi. Aliyenipokea ni mpishi, mtu mzima mwenye aproni nyeupe kuliko kanzu ya Idi. Alinitazama miguu kwanza.

"Unaogopa mbwa?"

"Sijui."

"Utajua," akasema, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Mbwa mwenyewe alikuwa na kimo cha ndama. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya udongo, na manyoya yake mafupi, magumu, yamelala mgongoni kama nyasi za paa. Nilijiuliza kazi iko wapi hapo. Mbwa wa manyoya mafupi unampangusa kwa kitambaa, basi. Akaja memsahibu, mke wa yule Mzungu, mwanamke mrefu mwenye nywele za njano zilizoanza kuwa nyeupe, zilizomshuka mabegani. Akapiga magoti penye majani mabichi, akayatenga manyoya ya mbwa kwa vidole gumba viwili, akaniita nitazame. Chini ya yale magumu kulikuwa na manyoya mengine, yamesongamana, laini, meupe yanayoelekea njano kama sufi iliyokaa ghalani.

"Makoti mawili," akasema kwa Kiswahili chake. "Moja ya mvua, moja ya baridi. Wewe hapana kata hata siku moja."

Nilisimama pale nikifikiri kwamba mbwa ana makoti mawili na mimi nina shati moja. Sikumpenda tangu saa ile. Yeye naye hakunipenda.

Kazi nilijifunza kwa kukosea. Wiki ya kwanza nilimwogesha kabla ya kumchana, na manyoya ya chini yakashikamana mafundo mafundo mpaka nikashinda siku nzima nikiyafungua kwa vidole huku ananguruma. Maji yenyewe hayakumwingia. Unammwagia ndoo, yanateleza juu ya koti la nje kama juu ya jani la mgomba, unadhani amelowa, kumbe ngozi ni kavu. Inabidi uyasukume kwa mikono, kinyume cha manyoya, kidogo kidogo. Na akishalowa hakauki. Mara moja nilimwacha na unyevu siku ya ukungu. Baada ya siku mbili akanuka, akatoka vidonda kwapani, nikasemwa. Baada ya hapo nilikuwa nikimkausha kwa magunia matatu, la kwanza, la pili, la tatu, halafu namkalisha karibu na tanuri la mkate mpaka nikiingiza kidole nasikia joto mpaka chini.

Kumchana kulikuwa na vyombo viwili. Brashi ya farasi ya kulaza koti la nje, na kipande cha msumeno mwembamba wa chuma, kilichofungwa kitambaa upande mmoja, cha kuvuta koti la chini. Unakivuta kwa kulala, pamoja na mlalo wa manyoya, bila kukandamiza. Ukikandamiza unakata ngozi. Nilikandamiza mara moja tu, na kovu ninalo mimi. Masikio kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Kupe kwa mafuta ya taa. Kucha kwa tupa, mguu mmoja kwa siku, kwa sababu miguu yote minne siku moja hakukubali kamwe.

Pa kulala ndiyo ilikuwa shida yangu. Chumba cha boi pale nyumbani alikaa mpishi na mkewe, na mpishi alisema hakuna nafasi hata ya panya. Nikazunguka vitongojini siku nyingi nikijibiwa kwamba chumba kimeshachukuliwa, wakati nakiona mlango wazi. Mwisho nikampata mzee mmoja mkulima wa kabichi, bondeni, ng'ambo ya mfereji. Alikuwa tayari kunipa kijumba cha uani, nami nimsaidie kubeba kabichi siku za soko. Mkewe alikaa mlangoni akichambua maharage, akaniuliza yeye.

"Kwa Mzungu unafanya kazi gani?"

"Bustani, mama."

"Mbwa wanaye?"

"Wanaye. Mimi simshiki."

"Maana sisi hapa tunaswali," akasema.

Mimi pia ni Mwislamu, na nilijua ninachosema. Wiki za kwanza kila jioni nilisimama kwenye mfereji ule nikaosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Maji ya mlima yale yanakata mifupa. Baada ya mwezi nikawa naosha mara tatu. Baadaye nikawa nachovya tu.

Baridi ya Julai na Agosti ilinitesa kuliko mkonge. Usiku nililala na sufuria chini ya kichwa nikiwa nimeifunika kwa shati, masikio yakiuma. Baridi ilipokwisha, mbwa akaanza kuvua koti lake la chini. Sikuwa nimeambiwa. Nilivuta msumeno asubuhi moja, fungu zima likatoka mkononi, nikadhani nimemwua. Memsahibu akacheka, akasema ni msimu, nimchane kila siku mpaka liishe. Kila siku nilijaza ndoo. Yalipeperuka, yakanasa kwenye ua, kwenye nguo zilizoanikwa, na siku moja yakaingia kwenye unga wa mkate uliokandwa. Memsahibu aliukuta unyoya mmoja ndani ya kipande alichopaka siagi. Alimwita mpishi, akamsema mbele yangu.

Mpishi alimaliza kwanza kuosha vyombo.

"Nimepika kwa Wazungu tangu Mjerumani," akasema bila kunitazama. "Juu ya mkate sijaambiwa neno. Leo nimeambiwa, kwa ajili yako. Uchafu wa mbwa wako usiuache kwenye ua wangu hata unyoya mmoja."

Nilijaribu kuyachoma, moshi ukaingia sebuleni nikakatazwa. Nilijaribu kuyatupa bondeni, upepo ukayarudisha. Ndipo nikaanza kuyabeba kwenye mfuko wa unga, wa kitambaa cha marekani, na nikiyabeba nikawa nayapapasa. Nilikuwa nimeona mkonge unavyogeuka kutoka jani hadi kamba, na hiki nacho nilitaka kujua kinaweza kuwa nini. Nilijaribu kukisokota kuwa uzi, kikakatika. Nikayafua kwenye mfereji wa juu, mahali pasipochotwa maji, nikayaanika juu ya jiwe, nikayarudisha mfukoni na kushona mdomo wake. Nikawa na mto. Haukunuka kitu. Usiku wa kwanza niliulalia nikasikia masikio yanapata joto, na nikalala mpaka jua likatoka.

Mwezi ule ule memsahibu alikata nywele zake. Alirudi nazo zimeishia masikioni, na soko zima lilimwona. Wiki chache baadaye akashikwa na homa, mumewe akampeleka Tanga kwa daktari. Nyumba ikabaki na mpishi, mbwa na mimi.

Kuku wa mama mwenye nyumba ndiye aliyeanza. Aliingia kijumbani mwangu kutafuta pa kutagia, akachagua mto, akauchokonoa mshono. Mama alimfuata akamkuta amekaa juu ya rundo la manyoya ya njano. Mimi sikuwepo. Niliporudi alasiri nilikuta blanketi langu limetupwa nje, mzee amesimama uani na majirani wawili, na mkewe ameshika ungo.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Mlimani kule mzee asipokuitikia shikamoo umeshaambiwa uondoke; yanayofuata ni maelezo.

"Hizi nywele za nani?" mama akauliza, akiuinua ungo.

Nilitazama ule ungo nikapata muda mfupi wa kufikiri. Nikisema ni za mbwa, nimekiri kwamba niliwadanganya na kwamba nimewaletea najisi nyumbani wanamoswali. Nikinyamaza, wataamua wenyewe ni za nani. Nilichagua mbwa.

"Za mbwa, mama. Mbwa wa yule Mzungu."

"Yule mwekundu? Namwona kila soko, ana nywele kama brashi ya viatu. Hebu shika hizi. Hizi laini. Hizi za njano."

"Anazo za aina mbili. Za juu na za chini."

Jirani mmoja, mfupi, mwenye jembe begani, akatoa sauti puani. "Mbwa kavaa fulana ndani ya koti," akasema. "Na yule mama wa Kizungu kakatwa nywele, sasa yuko Tanga anaumwa. Sisi hatukuuliza. Tuliona tu."

"Huyu ni wa Handeni, kwenye waganga," akasema jirani wa pili, na Handeni akaitamka kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Ulituambia mbwa humshiki," mzee akasema. Ndilo neno lake la kwanza.

"Nilisema uongo, mzee. Nilitaka pa kulala."

"Ulisema uongo siku ile. Leo unataka tuamini."

Walinipa usiku ule nilale kwenye banda la mbuzi, jirani mfupi akilinda mlango na jembe lake, na asubuhi tukaenda kwa Zumbe.

Zumbe, yaani chifu wa eneo lile, alikuwa mtu wa makamo mwenye kanzu safi na miwani. Alikaa barazani kwake, wazee wanne pembeni, na ungo ukawekwa mbele yake juu ya kiti. Nikamweleza yote, tangu makoti mawili mpaka mto. Alisikiliza vizuri. Akasema jambo lenyewe si gumu, mbwa aletwe.

Mpishi ndiye aliyemleta, kwa mnyororo, akiwa na aproni yake. Nilipomwona nilipumua. Kati ya watu wote wa mlima ule, yeye alikuwa ameyatoa manyoya yale kwenye unga kwa vidole vyake.

"Waambie," nikamwambia. "Wewe unayajua."

Mpishi alimwamkia Zumbe kwanza, akaitikiwa. Kisha akasema, "Zumbe, kazi yangu mimi jikoni. Mbwa ndiye huyu. Mwenye macho atazame kama nywele zake ni fupi au ndefu, ngumu au laini."

Hakukuwa na uongo hata mmoja ndani ya maneno yale.

Nikapewa nafasi ya kumchana mbele ya watu. Lakini msimu ulikuwa umekwisha. Nilivuta msumeno toka shingoni mpaka mkiani, mara ya kwanza, mara ya pili, na kilichotoka ni vinyoya vichache, vyekundu, vigumu, vifupi kama ukucha. Nikavishika kiganjani. Jirani mfupi akaja akavitazama kutoka mbali, akarudi mahali pake akasema, "Sawasawa kabisa na hizi za ungo," na baraza zima likacheka.

"Zipo chini," nikasema. "Zinaota upya. Njoo, Zumbe, nikufunulie uone."

Nikapiga magoti kama alivyopiga memsahibu, nikayatenga manyoya ya mgongoni kwa vidole gumba. Zilikuwepo. Mimi niliziona, fupi bado, nyeupe, zimesongamana kwenye ngozi. Mtu angeinama mara moja tu angeziona naye. Zumbe alivuta kanzu yake nyuma. Mzee mmoja akasema ana udhu. Wa pili akasema macho yake hayaoni karibu. Wa tatu, ambaye alikuwa Mlutheri na hakuwa na udhu wa kulinda, akanyanyuka akaja hatua tatu, mbwa akamwonyesha meno yote, naye akakumbuka kiti chake.

Nikamgeukia mwenye nyumba wangu. "Mzee, wewe basi. Tazama tu."

"Nimeshaingiziwa najisi ya kutosha," akasema.

Nikaendelea kuyafunua, labda kwa nguvu kuliko ilivyopasa, nikisema tazameni, tazameni hapa. Mbwa akageuza shingo akaning'ata kiganjani karibu na kifundo cha mkono, akashikilia, mpaka mpishi alipovuta mnyororo, bila haraka.

"Hata mbwa mwenyewe anamkana," akasema jirani wa pili, yule aliyeitaja Handeni kama ugonjwa.

Zumbe alivua miwani akaifuta. "Nikikupeleka boma," akasema, "Bwana Shauri mwenye wilaya ataniuliza nywele za mke wa Mzungu mwenzake zimefikaje bondeni kwangu, na jibu sina. Kwa hiyo sikupeleki. Lakini sikiliza. Ikiwa ni za mbwa, umemdanganya mtu mzima ukamtia najisi nyumbani kwake. Ikiwa si za mbwa, sitaki kujua. Adhuhuri isikukute Lushoto."

Ungo ukamwagwa motoni, pamoja na mfuko wa marekani. Blanketi nilirudishiwa, likiwa limelowa, kwa kuwa mama alikuwa amelimwagia maji mara saba kabla ya kuligusa kwa mikono yake. Mpishi alinipita njiani akirudi nyumbani na mbwa wake.

"Sasa mkate wangu utatoka safi," akasema.

Sikushuka. Mombo nilishapajua. Nikafuata njia ya kaskazini, ya Magamba na kuendelea, nikiwa nimefunga kitambaa kiganjani. Katika nyumba tatu niliomba pa kulala, na mara zote tatu mtu aliutazama mkono wangu kwanza, akauliza nimeng'atwa na nini, nikasema mbwa, akasema chumba kimejaa. Nilipitisha usiku kwenye banda la kukaushia magome ya miti ya miwati, njia ya Rangwi. Asubuhi nilitupa kitambaa, nikashusha mkono wa shati na kuufunga kifungo.

Mtae nilifika alasiri. Kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima kama kinataka kuruka, na ukichungulia unaiona nyika chini kabisa, njano, imetulia, na joto lake halikufikii. Ukungu ulikuwa unaingia kutoka upande wa pili. Mama mmoja mjane alikuwa akianua mahindi uani, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Rangwi."

"Rangwi si kwenu. Kabila gani?"

"Mbondei," nikasema. "Natafuta pa kulala na kazi ya kulima."

Alinitazama huku mikono yake ikiendelea na mahindi. Mlangoni kwake palikuwa na msalaba mdogo wa mti. Nilichukua tenga la pili bila kuambiwa nikaanza kujaza.

"Wachuuzi wa maharage wamepita hapa leo asubuhi na lori," akasema. "Umeyasikia ya Lushoto?"

"Yapi?"

"Mzigua kamnyoa mke wa Mzungu amelala. Kichwa chote. Akajaza nywele gunia, akalificha chini ya kitanda cha mzee wa watu. Yule mama wa Kizungu sasa hasemi wala hali. Mpaka mbwa wa nyumbani akamtambua yule mwanamume, akamrukia mbele ya Zumbe."

"Gunia zima?"

"Zima. Sasa kaachiwa, anazurura. Ndiyo maana mtu nisiyemjua namwuliza mengi."

"Unafanya vizuri, mama."

"Akija hapa atalala nje na chui."

Nilimwaga tenga ghalani, nikarudi nalo. Angeniuliza kweli wakati ule, nisingemwambia. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye migomba na shati lilikuwa limeanza kulowa.

"Mtu wa namna hiyo hafai kupewa hata maji," nikasema. "Ni mtu mbaya sana."

Yule mama alitikisa kichwa kukubali. Alijifuta mikono, akaenda kwenye kijumba kilichokuwa ubavuni mwa ghala, akausukuma mlango kwa goti kwa sababu ulikuwa umevimba kwa unyevu. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba na rundo la maganda ya mahindi ya kulalia.

"Naona umelelewa," akasema. "Ingiza mzigo wako kabla mvua haijaanza."

Nikauingiza.